Upande wa Kulia wa Kioo cha Bi. Mwanahawa

Kabla ya lolote kutokea, hali ilikuwa hii. Chumba kilikuwa cha uani, katika nyumba ya Bi. Mwanahawa, Bagamoyo. Kuta zilipakwa chokaa, na katika chokaa ile mwenyewe aliamuru yatiwe masizi kidogo, ili weupe wa ukuta usishindane na weupe wa kitu kinachokaguliwa. Dirisha lilikuwa moja. Vitabu vya kazi yetu, vilivyoandikwa na watu wa nchi za baridi, hushauri dirisha la kaskazini. Lakini kwetu jua hukaa upande wa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo dirisha lake lilitazama kusini, na miezi ya kaskazi, jua linapohamia huko, alitundika shuka nyeupe ili nuru iingie imechujwa. Meza ilikuwa ya mninga, imefunikwa kitambaa cha kijivu. Juu yake ilikaa kompyuta mpakato mpya, ghali kuliko pikipiki, waliyomnunulia wanafunzi wake wa zamani.

Wanafunzi hao wana karakana yao ndogo Dar es Salaam, ya kuchora na kuchapisha khanga. Walitaka kuzichapisha upya khanga za zamani ambazo Bi. Mwanahawa alihifadhi vipande vyake sandukuni tangu siku za kiwandani. Picha za vipande zilikwisha kupigwa, lakini picha huongopa rangi, na vipande vyenyewe vilikuwa vimechujuka kwa miaka. Aliyekumbuka wekundu ule ulikuwa wekundu gani siku ulipotoka kwenye pipa la rangi alikuwa amebaki mtu mmoja. Kazi yake ilikuwa kuketi mbele ya kioo cha kompyuta na kuirekebisha picha mpaka rangi irudi ilivyokuwa. Bila neno lake hakuna khanga iliyokwenda mashineni.

Nalisema mapema lililokuwa hatarini, ili msije mkadhani nasimulia habari ya mashine. Kama jicho la Bi. Mwanahawa lingetiliwa shaka, kazi ile ingekoma siku hiyohiyo. Alikwisha kustaafu, alikwisha kuzika mume, na hakuwa na jambo jingine alilolitaka katika dunia hii ila kuziona khanga zile zikivaliwa tena.

Na Bi. Mwanahawa alikuwa akilalamika kwamba nusu ya kulia ya kioo kile kipya imepauka.

Mimi nilifanya kazi chini yake katika chumba cha ukaguzi wa rangi, kwenye kiwanda cha nguo, tangu sijaota ndevu za kutosha mpaka nywele zangu zikachujuka kabla ya khanga. Sasa naishi Mlingotini, natazama bahari ambayo hakuna anayeniuliza kama bluu yake imekubalika. Nawaandikia ninyi mnaoingia leo katika kazi ya kuhukumu rangi. Wengi wenu hamtashika jora la nguo mikononi. Mtaketi mbele ya kioo na kuulizwa kama kioo hicho kina rangi sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Swali linaonekana dogo, na kwa miaka mingi nami nililiona hivyo.

Basi sikilizeni kwanza namna ya kutazama.

Kioo kilichowashwa sasa hivi ni kama mtu aliyeamshwa sasa hivi: usimuulize jambo. Kiache kipate moto, na wewe unywe kahawa yako chumba kingine. Kabla ya kuondoka, zima ule mpango unaokifanya kioo kiwe cha manjano jioni, na ule unaopandisha na kushusha mwanga wenyewe bila kukuuliza. Nimeona vijana wawili wakigombana robo ya siku juu ya umanjano wa kioo, kumbe mmoja ameuzima mpango huo na mwenzake hajauzima, na wote wawili wamesoma chuo.

Kisha kijaze kioo rangi moja tu, ya kijivu cha katikati, kisichoelemea weupe wala weusi. Picha ya harusi itakuficha ubaya, kwa kuwa jicho litakwenda kumtazama bibi harusi. Kijivu hakina pa kujificha: kikiingiliwa na uwaridi au ukijani kidogo, utauona kama unavyoliona doa la mchuzi kwenye kanzu ya Ijumaa. Keti moja kwa moja mbele ya kioo, umbali wa mkono ulionyooshwa, maana vioo vingi hubadilika rangi ukivitazama kwa upande. Vaa nguo nyeusi au ya kijivu. Bi. Mwanahawa aliingia chumba cha ukaguzi na buibui lake hata siku za joto la kuua, na aliyeingia na shati la rangi ya chungwa alitolewa nje kama aliyeingia na viatu msikitini. Wala usipige picha ya kioo kwa simu ukaituma kuwa ushahidi. Simu hujichagulia weupe wake yenyewe, na itakuonyesha ubaya usiokuwapo na kuuficha uliopo.

Jambo gumu kuliko yote ni kutotazama mno. Wiki yangu ya kwanza kiwandani niliwekwa kukagua majora ya khanga nyekundu, nami kwa bidii ya ugeni sikubandua macho asubuhi nzima. Baada ya hapo likaletwa jora la bafta nyeupe. Nikalikataa. Nilisema, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba limeingia ukijani. Bi. Mwanahawa hakubishana. Alinishika bega akanigeuza nitazame ukuta.

"Ukuta una rangi gani, Omari?"

"Una ukijani, Bi."

"Na dari?"

"Nayo."

"Haya. Tukishalirudisha jora, tuvunje na jengo."

Chumba kizima kilicheka, na mimi nikajifunza kwamba jicho lililoshiba wekundu huona ukijani mahali pasipo na kitu. Tangu hapo natazama kwa pumzi chache, kisha nayapumzisha macho ukutani, kisha narudi. Nanyi fanyeni hivyo.

Kanuni nyingine ya chumba chetu haikutoka kitabuni. Ilizaliwa siku msimamizi wa zamu, mtu mzima, mwenye sauti, alipolitazama jora la bluu na kusema, "Safi kabisa," na sisi sote, mmoja baada ya mmoja, tukasema safi kabisa. Jora lilipotolewa nje juani lilikuwa zambarau. Hakuna aliyekuwa amesema uongo kwa kukusudia. Kila mmoja wetu aliona kitu, akamsikia mkubwa amesema kingine, akaona ni adabu kuliamini sikio kuliko jicho. Bi. Mwanahawa akaweka sheria: mezani huanza kusema mdogo wa umri, na mkubwa husema mwisho. "Mkubwa akitangulia," alisema, "wadogo huona kwa masikio." Msimamizi hakupendezwa, lakini sheria ilidumu kuliko yeye.

Sheria ile ilikaa kiwandani. Nyumbani kwa mtu haikuwahi kuingia, na nani angethubutu kuiingiza? Pwani hii mtoto hulelewa asimkatize mkubwa, asimsahihishe mbele za watu, na akiulizwa kama chumvi imetosha, aseme imetosha.

Malalamiko ya Bi. Mwanahawa yalianza kabla ya kompyuta ile ya thamani. Kazi ya khanga aliianza kwenye kompyuta kuukuu ya Faraji, aliyekuwa kijana kuliko wote katika karakana, mchoraji mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Baada ya miezi kadhaa Bi. Mwanahawa akasema kioo kinapauka kulia. Kompyuta ilikuwa imechoka kweli, bawaba moja imefungwa kwa gundi, na hakuna aliyeona ajabu. Wanafunzi wakachanga wakanunua mpya. Ile mpya ilipowekwa mezani aliifurahia siku chache, kisha akasema nayo inapauka kulia.

Faraji akaja kutoka Dar es Salaam kuitazama. Bi. Mwanahawa akamwonyesha kwa kidole: hapa ni pazima, kuanzia hapa wekundu unakufa. Faraji akainama, akatazama, akasema, "Naam, Bi., naona. Kimepauka kama khanga ya sikukuu ya mwaka juzi." Rukia, binti wa Bi. Mwanahawa, mwalimu wa shule ya msingi anayekaa na mama yake, naye akasema anaona kidogo. Mimi nilipigiwa simu Mlingotini. Nilisema maneno ambayo mtu yeyote wa chumba chetu angeyasema: "Kama Bi. Mwanahawa ameona ubaya, upo."

Kisha Bi. Mwanahawa mwenyewe aliishika simu ileile, akaniambia jambo nililolisikia na kulipa tafsiri mbaya. "Ubaya huu una hila, Omari. Nikiukabili unajificha. Nikitazama katikati, unarudi pale pembeni." Nilimjibu kwamba hiyo ni kawaida ya vioo, rangi hubadilika kwa pembe ya kutazamia. Ni kweli hubadilika. Lakini kioo kinachobadilika kwa pembe hubadilika ukisogeza kichwa, na yeye hakusogeza kichwa. Alisogeza macho tu. Tofauti hiyo iandikeni moyoni.

Kompyuta ikarudishwa dukani, ikatolewa nyingine ya namna ileile. Haukupita muda Bi. Mwanahawa akasema na hii nayo, upande uleule. Safari hii duka liligoma. Fundi wao aliipima akasema haina kitu. Ndipo nikaitwa niende mwenyewe, niwe shahidi.

Nilifika asubuhi, kwa bodaboda, vumbi la barabara likiwa limenipaka rangi ambayo Bi. Mwanahawa angeikataa. Alikuwa ameketi barazani, buibui limeshavaliwa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, Omari. Umenenepa. Huko Mlingotini mnakula samaki au mnakula wavuvi?"

"Tunakula tunachopata, Bi."

"Pitia maji unawe uso. Siwezi kukaa mezani na mtu mwekundu."

Faraji alikuwa ameshafika. Rukia alituletea kahawa na vitumbua, tukaketi kukisubiri kioo kipate moto, na Faraji akatupa habari za dukani.

"Wamenichoka, mzee," aliniambia. "Nikiingia tu mlangoni wanaitana. Yule muuzaji kaniambia, kaka, labda hiyo nyumba yenu ina jini."

"Mwambie," alisema Bi. Mwanahawa bila kugeuka, "jini wa nyumba hii anaswali, na kompyuta hajui."

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka vizuri.

Chumbani kila kitu kilikuwa katika kanuni. Shuka imetundikwa, taa imezimwa, kioo kimejaa kijivu. Bi. Mwanahawa aliketi kwanza, akatazama, akanyanyuka bila neno, akaniachia kiti. Nilitazama kwa pumzi chache, nikayapumzisha macho ukutani, nikarudi. Kwenye kona ya chini, kushoto, palikuwa na umanjano mwembamba sana, wa aina iliyomo katika kila kioo, maana kioo chenye rangi sawa kabisa hakijatengenezwa. Kulia hapakuwa na kitu. Nilisogeza kiti, nikarudi tena, nikatazama mara ya tatu. Kijivu cha kulia kilikuwa kijivu.

Niliponyanyuka, wote watatu walikuwa wakinitazama, na nikatambua ya kwamba ninataka sana kusema ninaona. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Yangekuwa mepesi, yangekuwa ya adabu, na Faraji angebeba kompyuta ya pili kuirudisha dukani.

"Bi.," nikasema, "tuhukumu kama kiwandani. Mdogo aanze."

"Hapa ni nyumbani, Omari."

"Chumba ni cha nyumbani. Meza ni ya kazi."

Hakulipenda, lakini sheria ilikuwa yake. "Haya. Mdogo ni nani?"

Faraji alimgeukia Rukia, Rukia akatazama chini. "Si atangulie mzee?" Faraji aliuliza. "Yeye ndiye kaja kwa kazi hiyo."

"Nimeuliza mdogo ni nani."

"Ni mimi, Bi."

"Basi keti. Tazama. Sema."

Faraji aliketi. Hakuwa na mzaha tena. Alitazama muda mrefu kuliko kanuni inavyoruhusu, na hakuna aliyemkemea.

"Kona ya chini kushoto ina umanjano," alisema mwishowe. "Wa kawaida. Kulia sioni kitu."

"Mwezi uliopita ulikiona."

Faraji akarudi kukitazama kioo.

"Faraji. Mwezi uliopita, kwenye ile mpya ya kwanza, ulikiona. Ulisema kimepauka kama khanga ya sikukuu."

"Mwezi uliopita, Bi., ulitangulia kusema wewe."

Nje palipita muuza maji na kengele yake ya baiskeli, tukamsikiliza mpaka akaishia. Kisha Rukia, ambaye hakuwa ameulizwa, akasema taratibu, "Na mimi, mama, sikuona. Nilidhani ni kwa kuwa macho yangu hayajasomea."

Bi. Mwanahawa akanigeukia mimi. "Na wewe?"

"Naona alichoona Faraji, Bi."

"Tangu lini wewe unaona kama Faraji?"

Ilikuwa kauli ya hasira, na alikuwa na haki nayo. Nilisimama nimeshika mikono kama kijana aliyekataa bafta. Yeye akakaa kitini, akakitazama kioo. Nadhani ndipo mkaguzi aliyekuwa ndani yake aliposhika kazi, akamweka kando mama mwenye nyumba.

"Kigeuzeni," alisema.

Kwa majora tulifanya hivyo kila siku. Ukiona upande mmoja wa nguo umefifia, huigeuza nguo juu chini: ubaya ukihama pamoja na nguo, ni wa nguo, ukibaki pale ulipokuwa, ni wa dirisha au wa taa. Hatukuwahi kuwa na haja ya kufikiri kama ipo hali ya tatu. Faraji aliishika kompyuta, akaipindua ubao wa herufi uwe juu na kioo chini, akakiegemeza kwenye mto. Upande uliokuwa kulia sasa ulikuwa kushoto.

Bi. Mwanahawa alitazama katikati ya kioo.

"Kulia," alisema.

"Kulia kwa kioo, Bi., au kulia kwako?" nikauliza.

"Kwangu."

"Ondoeni shuka," akasema, "fungeni dirisha kabisa." Tukafunga. Chumba kikawa giza, kioo peke yake kikiwaka. "Kulia." Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja. "Kulia." Akafunika la kulia. Kiganja kikiwa usoni, akasema neno lilelile. Ubaya haukuwa wa kioo, haukuwa wa chumba, na haukuwa hata wa jicho moja.

Akaamuru dirisha lifunguliwe. Rukia siku ile alikuwa amejifunga khanga nyekundu, yenye pindo jeusi.

"Mwanangu, ivue hiyo ya begani. Simama kushoto kwangu, uishike ikunjuke, upite polepole mbele ya ukuta. Omari, wewe simama katikati. Nitatazama pua yako, nayo ni kubwa, haitanipotea."

Rukia alianza kwenda. Bi. Mwanahawa alinikazia macho usoni, nami niliyaona macho yale kwa karibu: makavu, meusi, hayana kasoro yoyote ambayo mtu angeweza kuonyesha kwa kidole.

"Nyekundu," alisema. "Nyekundu. Nyekundu." Rukia akapita nyuma ya bega langu. "Hapo imekuwa tofali." Hatua nyingine. "Udongo." Rukia akasimama. "Endelea, mwanangu, usisimame katikati ya kazi." Rukia akaendelea. "Kahawia. Hapo sijui."

Kisha akaweka mikono miwili juu ya kitambaa cha kijivu, akatoa hukumu kwa sauti niliyoisikia maelfu ya asubuhi, sauti isiyopanda wala kushuka.

"Kioo ni kizima. Faraji, waambie dukani watuwie radhi. Jini tumempata."

Faraji aliinuka akatoka uani, na tulimsikia akilia huko karibu na mtungi. Bi. Mwanahawa alimwambia Rukia ampelekee kahawa.

Sasa nitawaambia nililolifikiri tangu siku ile, kwa maneno machache, kwa kuwa si jambo la kulirembesha. Vioo vitatu vya watengenezaji wawili viliharibika upande uleule, mbele ya mtu yuleyule, na watu waliosoma, waliompenda, hawakuuliza. Tuliona ni rahisi zaidi kuamini kwamba viwanda vya ng'ambo vinakosea mara tatu kuliko kwamba Bi. Mwanahawa amekosea mara moja. Siwaambii muache adabu. Mimi bado namwamkia kwanza kila aliyenizidi umri, na Faraji bado haketi mpaka mkubwa ameketi. Ila mtu mzima akikuuliza unaona nini, amekuomba jicho lako, na kumrudishia lake mwenyewe ni kumnyima. Kioo mtakibadilisha. Miezi iliyopotea hamtaibadilisha.

Katika hospitali, Dar es Salaam, walimpiga picha ya kichwa. Palikuwa na uvimbe ndani, unaoubana mshipa wa kuonea upande mmoja, nyuma ya pale mishipa ya macho yote mawili inapokutana. Ndiyo sababu nusu moja ya dunia ilikuwa ikimpaukia kwa jicho lolote atakalotumia. Daktari, mwanamke kijana mwenye haraka, aliuliza ni lini mgonjwa alianza kuona rangi zikififia. Rukia alitaja mwezi wa kompyuta mpya. Bi. Mwanahawa akamsahihisha: ilikuwa kabla, kwenye ile kuukuu. Daktari akauliza kwa nini hakuja wakati ule. Hakuuliza kwa ukali.

Nilirudi Bagamoyo na Faraji kufunga kazi. Tulizifungua picha za khanga moja baada ya nyingine, na hapo akanionyesha kitu alichokuwa akikijua. Katika picha alizozirekebisha Bi. Mwanahawa mwanzo, pindo la kulia na pindo la kushoto yalikuwa ya wekundu mmoja. Baada ya hapo pindo la kulia lilianza kuwa jekundu kuliko la kushoto, kidogo, kisha zaidi, picha hadi picha. Alikuwa akilitia rangi lile ambalo macho yake yalimwambia limefifia. Katika zile za mwisho hata mtu wa sokoni angeona.

"Uliona?" nilimuuliza.

"Niliona, mzee."

"Ukafikiri nini?"

"Nilifikiri ndivyo zilivyokuwa zamani."

Uvimbe ulitolewa. Daktari alikuwa ametuambia kabla kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na hakikurudi. Bi. Mwanahawa sasa hugeuza kichwa kizima ili kumwona mtu aliyeketi kulia kwake, na kama kitu ni chekundu huuliza wengine. Kompyuta alimpa Rukia, ambaye huandikia mitihani ya watoto. Khanga alizozirekebisha mwanzoni, kwenye kompyuta kuukuu, zilichapishwa na zinauzwa. Zilizobaki hazikuchapishwa.